Barafu kwanza, theluji baadaye: kulinganisha matairi, chumvi, viatu na hita kabla ya baridi ya Iowa

Kila mwezi wa 10, majani ya miti yanapoanza kuwa mekundu hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, naulizwa swali lile lile na watu waliofika majira ya joto: "Kaka, nianze kununua nini?" Wengi wanaouliza tayari wana jibu lao, nalo ni koti. Koti kubwa, zito, la kufika magotini, ambalo peke yake linamaliza nusu ya akiba ya mwezi. Nawaelewa kabisa, kwa sababu mimi pia nilianza na koti.

Januari yangu ya kwanza hapa niliamka saa 10 alfajiri kuwahi shifti. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na kwa kuitazama dirishani ilikuwa mvua ya kawaida kama ya kwetu. Simu ilionyesha 31 F, yaani karibu -1 C. Nikasema leo afadhali, maana wiki iliyopita ilikuwa chini ya hapo mbali. Nikavaa koti langu jipya na raba, nikatoka. Ngazi za nje zilikuwa tatu. Ya kwanza nilikanyaga salama, ya pili mguu ukaenda wenyewe. Nilipokuwa nimelala pale chini ndipo nilipoona vizuri: zege lililoonekana limelowa tu lilikuwa limefunikwa na kioo, na chuma cha kushikia mkono kilikuwa kimevikwa ganda la barafu, nene kama kucha ya dole gumba, lina matone yaliyoganda yakining'inia kwa chini. Nilivunjika kifundo cha mkono. Wiki 6 na plasta, na wiki 6 bila kazi.

Koti halikuwa na kosa. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, nikaangushwa na barafu. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa kuanza na vitu vinavyogusa ardhi, yaani matairi, chumvi na viatu. Koti linakuja nyuma yao.

Adui ni watatu, na dawa zao si moja

Baridi kali yenyewe ni jambo moja. Katika jimbo hili rekodi ni -47 F, sawa na -44 C, iliyopimwa Washta mwaka 1912 na tena Elkader Februari 1996. Mwishoni mwa Januari 2019 Chicago ilifika -23 F na Mount Carroll, Illinois, ikafika -38 F. Siku kama hizo zinatangazwa mapema, shule zinafungwa, na watu wanakaa ndani. Zinatisha, lakini mtu huziona zinakuja.

Theluji ni jambo la pili. Inaziba njia, inachosha mgongo, inafunika magari, ila ikiwa mbichi inakupa pa kukanyaga. Tairi inaweza kuing'ata, na buti vilevile.

La tatu ni barafu, na hili ndilo linalovunja watu. Mara nyingi inakuja na mvua inayoganda: juu angani theluji inapita kwenye tabaka la hewa yenye joto na kuyeyuka, halafu karibu na ardhi inakuta tabaka jembamba la hewa baridi. Haipati muda wa kuganda ikiwa hewani, basi inaganda palepale inapogusa kitu: lami, ngazi, waya wa umeme, kioo cha gari. Kuna pia ile barafu nyeusi, ambayo kwa kweli haina rangi. Unaona lami kupitia kwake. Huanza kwenye madaraja, kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini ya daraja, wakati barabara ya kawaida bado ina joto la udongo chini yake.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawaambiwi. Barafu iliyo karibu na nyuzi 32 F (0 C, maji yanapoganda) inateleza kuliko barafu ya 0 F (-18 C), kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Kwa hiyo siku ya hatari zaidi kwa miguu na gurudumu huwa ni ile ambayo simu inaonyesha namba ya upole, 30 au 33, pamoja na picha ya mvua.

Matairi: ya misimu yote, ya majira yote manne, au ya baridi

Nakaa sana hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda na hapa ndipo majina yanapochanganya watu.

Gari nyingi zinazouzwa mtumba huku zina matairi yaliyoandikwa M+S ubavuni. Hayo huitwa ya misimu yote. Herufi zile zinamaanisha tope na theluji, na muuzaji atakuonyesha kwa kidole kama ushahidi. Ukweli ni kwamba alama hiyo inatokana na umbo la meno ya tairi, yaani nafasi zilizopo kati ya jino na jino. Haisemi kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Na mpira wake umetengenezwa kuvumilia lami ya Julai, hivyo joto likishuka chini ya 45 F, karibu 7 C, unaanza kuwa mgumu. Jaribu siku ya baridi: minya jino la tairi kwa ukucha, kisha minya tairi la baridi lililo karibu yake. La kwanza ni kama soli ya kiatu cha ngozi, la pili linabonyea kama kifutio cha penseli. Ulaini huo, pamoja na mikato midogo mingi iliyochanjwa juu ya kila jino, ndio unaoshika barafu.

Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tairi lenye mchoro huo limefaulu jaribio la kushika theluji iliyoshindiliwa. Zingatia neno theluji: jaribio hilo halikufanyika kwenye barafu. Matairi ya baridi yenyewe yana mchoro huu, na pia aina ya kati, ambayo mimi huiita ya majira yote manne. Hii ya kati unaifunga mara moja na kuiacha mwaka mzima.

Sasa tulinganishe. Tairi la misimu yote lina faida moja kubwa: tayari unalo. Kama unaishi karibu na kazi, unaendesha barabara kubwa za mjini ambazo magari ya kupiga chumvi hupita kwanza, na meno bado ni marefu, unaweza kupita nalo. Pima meno kwa sarafu ya senti 25. Iingize kati ya meno kichwa cha Washington kikiangalia chini. Ukiona utosi wake wote, meno yamebaki chini ya milimita 3 hivi na tairi hilo lisiingie Desemba. Sheria inaruhusu kushuka mpaka kama milimita 1.6, lakini kipara kinachokubalika kisheria kwenye lami kavu ni kipara cha kukupeleka mtaroni kwenye theluji.

Tairi la baridi ndilo linalosimama mapema kuliko yote kwenye theluji na barafu. Ubaya wake ni gharama na usumbufu: lazima yawe manne, na lazima uyatoe kipupwe kikiisha, maana lami ya kiangazi inalila kama sabuni. Nasisitiza manne. Kuna mafundi watakaokubali kukufungia mawili ya mbele tu ili uokoe hela. Gari hilo likipiga breki kwenye kona, mbele patashika na nyuma patazunguka. Ukiweza, nunua na rimu za chuma za mtumba, matairi ya baridi yabaki yamefungwa humo. Kubadilisha kunakuwa kazi ya nusu saa, na hulipii kuvua na kuvalisha mpira kila msimu.

La majira yote manne ndilo ninalowashauri wengi wenye gari moja, hasa wanaokaa apatimenti bila stoo ya kuwekea matairi mengine. Halishindi la baridi kwenye barafu, ila ni bora kwa mbali kuliko yale ya M+S, na hulazimiki kukumbuka tarehe.

Vipi kuhusu misumari? Iowa inaruhusu matairi yenye misumari kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1. Minnesota na Illinois zinawakataza wakazi wake. Kwa anayeishi kijijini kwenye barabara ya changarawe isiyofikiwa haraka, misumari ina maana. Kwa mtu wa mjini sioni faida. Kwenye lami kavu au yenye maji, ambayo ndiyo hali ya siku nyingi, yanapiga kelele na breki inakuwa mbaya zaidi.

Jambo lingine lililogharimu rafiki zangu wawili ni kuamini gari la magurudumu manne. Fundi mmoja wa kutoka Bukavu, aliyekuwa ananifungia matairi, aliniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila mgeni: "Ndugu yangu, ile nguvu ya magurudumu ine ni ya kutoka. Kwa kusimama, gari zote ziko sawa." Ndivyo ilivyo. Mashine inasukuma magurudumu yote manne uondoke, lakini hata gari dogo linalovuta kwa mbele lina breki kwenye magurudumu manne. Ukiwa na hela ya kuongeza upate gari la magurudumu manne au kubaki na gari lako na kulifunga matairi mema, chagua matairi.

Kagua na upepo. Kila joto linaposhuka nyuzi 10 F, tairi linapoteza karibu psi 1. Tairi ulilojaza Septemba litakuwa limenywea Januari bila kutoboka. Betri nayo ipimwe mwezi wa 10, kwa sababu kwenye 0 F hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Na mwaga maji ya kiangazi ya kuoshea kioo, weka yale yaliyoandikwa -20 F; maji ya kawaida yanaganda juu ya kioo wakati ule ule unapoyahitaji, nawe uko kasi ya maili 60.

Chumvi: mfuko wa bei rahisi si rahisi siku zote

Dukani utakuta mifuko imepangwa, yote imechorwa theluji, yote inaahidi kuyeyusha barafu. Tofauti iko nyuma ya mfuko, kwenye maandishi madogo.

| Kitu | Kinafaa mpaka joto gani | Kwa nini uchague | Kwa nini usichague |
|---|---|---|---|
| Chumvi ya mawe (sodiamu kloridi) | karibu 15 F (-9 C) | bei ndogo kuliko zote, ipo kila duka | chini ya hapo inalala tu juu ya barafu. Inakula zege, chuma na majani |
| Magnesiamu kloridi | karibu 5 F (-15 C) | haiunguzi sana nyayo za mbwa wala mimea | bei juu. Inatumika nyingi |
| Kalsiamu kloridi | karibu -20 F (-29 C) | inatoa joto yenyewe, inafanya kazi haraka | bei juu zaidi; inaunguza ngozi, vaa glavu |
| Mchanga | joto lolote | unakupa pa kukanyaga papo hapo | hauyeyushi chochote. Unaingia ndani na viatu |

Chumvi ya mawe haina moto ndani yake. Inachofanya ni kushusha joto ambalo maji huganda. Ili ianze kazi inahitaji maji kidogo ya kuyeyukia, na kwenye baridi kali maji hayo hayapo. Ndiyo maana utamwona jirani amemwaga nusu mfuko wa chumvi ya mawe asubuhi ya -5 F na ngazi zake zikabaki vilevile mpaka jioni. Siku hiyo mchanga wa dola chache ungemsaidia zaidi.

Ila kumbuka nilichosema juu ya siku mbaya: ni zile za karibu na 32 F. Katika joto hilo chumvi ya mawe, ile ya bei ndogo, inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo chaguo langu ni mfuko mmoja wa chumvi ya mawe kwa siku nyingi, kopo dogo la kalsiamu kloridi kwa wiki zile mbili tatu za baridi kali, na ndoo ya mchanga ndani ya gari. Mchanga huo ndio utakaonyunyiza chini ya tairi gari likikwama.

Kiasi ndicho watu wanachokosea. Idara ya mazingira ya Minnesota inafundisha kwamba kikombe kimoja cha kahawa, cha aunsi 12, kinatosha njia ya gari ya futi 20 au vipande kama 10 vya njia ya miguu. Mara ya kwanza nilidhani ni uchoyo. Kisha nikajaribu: nikakirusha kwa mkono kama mtu anayewarushia kuku mtama, punje zikatawanyika, kati ya punje na punje pana upana wa vidole viwili. Ukiinama dakika chache baadaye unaona kila punje imejichimbia kishimo chake, na maji ya chumvi yanatambaa chini ya barafu yakienda kukutana na ya jirani yake. Ganda zima linaachia kutoka chini, unalibandua kwa beleshi. Chumvi iliyorundikana haifanyi hivyo. Inatoboa mahali pamoja. Na ziada haiendi popote ila mitoni. Idara hiyo hiyo inasema kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji moja kwa moja, maana chumvi ikishaingia ndani ya maji hakuna njia rahisi ya kuitoa.

Bora zaidi, nyunyiza kabla. Ukisikia usiku utakuwa na mvua inayoganda, rusha kikombe chako jioni kwenye ngazi kavu. Ningefanya hivyo Januari ile, nisingevunjika.

Kuondoa theluji sina mengi. Beleshi pana la plastiki lenye ukingo wa chuma linatosha nyumba nyingi. Sukuma badala ya kuinua, na toka mara mbili wakati theluji ikiendelea kuanguka kuliko kusubiri iwe lundo. Mashine ya kurusha theluji nunua tu kama una njia ndefu ya gari au kama kuna mtu nyumbani mwenye moyo au shinikizo la damu, kwa sababu kila msimu watu wanapata mshtuko wa moyo wakiwa wameshika beleshi. Theluji yenye maji ni nzito mno, na baridi inabana mishipa. Wazee wasiachiwe kazi hii kwa heshima ya kusema "mzee bado ana nguvu". Vijana watoke.

Viatu, kisha koti

Kwa miguu kuna chaguo tatu. Raba na viatu vya kazini vyenye soli ngumu, hivyo weka kando. Buti la baridi lisilopitisha maji, lenye soli laini na bitana ya kutoa, ndilo la kununua jipya hata kama kila kitu kingine ni mtumba. Jaribu ukiwa umevaa soksi ya sufu, na vidole vicheze. Buti linalobana linazuia damu na mguu unaganda hata kama limeandikwa -40. Chaguo la tatu ni nyavu za mpira zenye miiba midogo ya chuma, unazivalisha juu ya kiatu chochote. Kwa dola 20 au 30 hivi, hakuna kitu kinachozuia kuanguka kuliko hizo siku ya barafu, wala buti la bei kubwa halizifikii. Ila uzivue mlangoni, maana juu ya vigae vya dukani zinateleza vibaya.

Koti sasa. Usilinunue jipya. Huku tuliko ndiko mitumba inakotoka: makoti yale yale yaliyokuwa yanafunguliwa kwenye marobota masoko ya Karume na Gikomba yametundikwa hapa kwenye maduka ya misaada, na ukienda Agosti au Septemba utachagua kabla ya wengine. Angalia lizuie upepo. Katika nchi tambarare kama Iowa upepo ndio unaouma. Kwenye 0 F upepo wa maili 15 kwa saa unafanya mwili uhisi -19, na ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 30. Ndani ya koti vaa tabaka nyembamba kadhaa kuliko sweta moja nene, na linalogusa ngozi lisiwe pamba. Hili nawaambia hasa wanaofanya kazi viwanda vya nyama: unatoka shifti umetokwa na jasho, pamba imelishika, na ukisimama dakika 10 kusubiri gari, jasho lile linakuwa barafu mgongoni.

Kwa watoto wadogo kuna kosa moja ninaloliona kila mwaka kwenye maegesho ya kanisa. Mtoto anafungwa kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene. Mikanda inaonekana imebana, kumbe imebana hewa iliyo ndani ya koti. Gari likigonga, koti linabonyea na mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge mikanda imkae mwilini, kisha mfunike kwa blanketi au kitenge kwa juu.

Kupasha nyumba moto

Wenye nyumba wengi wana tanuri la gesi linalosukuma hewa ya moto vyumbani, na hilo liachwe lifanye kazi yake. Usizime kabisa hata ukisafiri. Lisishuke chini ya 55 F, mabomba yasigande na kupasuka. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati la sinki na uache bomba lidondoshe maji kidogo.

Watu wakiona bili ya gesi wanakimbilia hita ndogo ya umeme. Tupige hesabu kwa uniti, kama tulivyozoea. Hita hiyo hula wati 1,500. Saa 8 za usiku ni uniti 12. Kwa senti 15 kwa uniti ni dola 1.80 kwa usiku, na dola 54 kwa mwezi, kwa chumba kimoja tu. Blanketi la umeme linalokula wati 150 ni uniti 1.2 kwa usiku, kiasi cha dola 5 na nusu kwa mwezi, na unalala na joto zaidi. Hita ichukue nafasi yake kwa muda mfupi, iwe futi 3 mbali na pazia na kitanda, ichomekwe moja kwa moja ukutani bila kamba ya kurefushia.

Msaada wa bili upo. Mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP umekuwepo tangu 1981, na hapa Iowa familia iliyokubaliwa humo haikatiwi gesi wala umeme kati ya Novemba 1 na Aprili 1. Deni linaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo lipa kidogo kidogo, lakini moto hauzimwi. Ombeni mapema, na msione aibu. Mpango huu umewekwa kwa ajili ya watu wa kipato kama chetu.

Mvua ya barafu ikikata umeme, hapo ndipo ninaposihi. Ganda la robo inchi juu ya nyaya na matawi linatosha kuleta giza mtaa mzima, na tanuri la gesi nalo linazimika kwa sababu feni yake inahitaji umeme. Usiingize jiko la mkaa ndani. Najua tumekua tukilala karibu nalo, lakini nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala haikohozeshi, inakulaza tu. Oveni ya gesi na jenereta ni vilevile: jenereta ikae nje, futi 20 kutoka dirishani. Kati ya jiko la mkaa na kukusanyika familia nzima chumba kimoja chini ya mablanketi, au kuhamia kwa jirani mwenye umeme, hakuna cha kulinganisha. Kifaa cha kugundua gesi hiyo, chenye betri, kiwekwe karibu na vyumba vya kulala kabla ya Novemba.

Kama ningekuwa mimi

Mwanafunzi au mgeni asiye na gari, anayepanda basi: buti jipya, nyavu za miiba, koti la mtumba, kwa mpangilio huo. Chumvi ya ngazi za apatimenti kwa kawaida ni kazi ya mwenye nyumba, mkumbushe kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Familia yenye nyumba na gari mbili: gari linalotoka usiku au linalokwenda mbali ndilo lipewe matairi ya baridi, jingine lipewe ya majira yote manne likifika muda wa kubadilisha. Mfuko wa chumvi ya mawe, kopo la kalsiamu, beleshi mbili. Mkihamia Chicago, mjue kwamba kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1 barabara kadhaa kuu haziruhusu kuegesha kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi, theluji iwepo isiwepo.

Na mume na mke wanaofanya shifti ya usiku kiwandani na kuchangia gari moja, maili 30 kwenda na 30 kurudi kwenye barabara kuu ya I-80 au I-35, hao ndio ninaowawaza zaidi. Matairi ya baridi manne, hata kama koti litasubiri. Tangi lisishuke nusu. Nyuma ya gari blanketi, mchanga, beleshi fupi, tochi, maji na karanga. Mkikwama, msishuke kutembea. Fukua bomba la moshi kwanza, kisha washa injini kama dakika 10 kila saa. Kabla ya kuondoka fungua 511, huduma ya jimbo inayoonyesha hali ya barabara kwa rangi. Barabara yenu ikiandikwa safari haishauriwi, na simu inasoma 31 na mvua, pigeni ile namba ya kuripoti kutokuwepo kazini mapema, kabla ya shifti kuanza. Mtawekewa pointi ya utoro kwenye rekodi yenu ya kazini. Chukueni pointi hiyo.